Sarufi tunaijua. Kusoma je?

Wenyeji wa rika langu hapa Leicester, Uingereza, ukiwagusia kauli ya kutendwa wanacheka tu. Wengi hawakuwahi kufundishwa. Mimi niliyesoma kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, Morogoro, niamshe usiku wa manane, nitakugeuzia sentensi kutoka "active" kwenda "passive" kabla sijapiga mwayo wa pili. Kwa hiyo nikisema sarufi si tatizo letu, sisemi kwa dharau. Tunaifundisha kwelikweli. Ila tunaifundisha badala ya kusoma, halafu tunashangaa mtoto anafika kidato cha kwanza na ukurasa mmoja wa Baiolojia unamshinda.

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha pili. Jioni hunitumia picha za kazi zake WhatsApp: "Shangazi, niangalizie hii." Zile za kuandika upya sentensi kwa kuanza na "No sooner" au "Hardly" hazimsumbui, "than" na "when" anajua zinakaa wapi. Kinachomsumbua ni kifungu cha habari. Na hata hapo alama anapata, maana maswali yenyewe yanajibika bila kuelewa. Hebu jaribu na wewe. "The dorvik went to the mulpen." Where did the dorvik go? Umejibu sawasawa, na hujui dorvik ni mnyama au ni padri. (Usihangaike na kamusi, nimeyatunga sasa hivi.) Ndivyo watoto wetu wanavyopita: anatafuta neno la kwenye swali ndani ya kifungu, ananyofoa sentensi yenye neno hilo, anahamia swali linalofuata.

Mwanangu yuko darasa la sita. Huku darasa hilo hufanya SATs, mitihani ya taifa ya mwisho wa shule ya msingi, kila Mei, na karatasi ya kusoma ni ya saa moja, matini tatu, alama 50. Maswali ya kunyofoa yapo, ila yanayowatoa jasho ni yale ya "umejuaje?" Umejuaje kwamba mvulana huyu ana hofu? Hakuna palipoandikwa kwamba ana hofu. Pameandikwa kwamba anasokota pindo la shati na anajibu kabla swali halijaisha. Mtoto ayaone hayo mwenyewe, ayataje kama ushahidi. Si mchezo: Mei 2023 karatasi hiyo ilikuwa ngumu hadi watoto wakalia na walimu wakuu wakalalamika hadharani.

Sisemi huku ni peponi. Tangu 2013 wameongeza karatasi ya sarufi, na sasa mtoto wa miaka kumi anakaririshwa majina ya vipande vya sentensi ambayo baba yake mzazi hajawahi kuyasikia. Waandishi wa vitabu vya watoto wamelipigia kelele jambo hilo. Maktaba za mitaa nazo nyingi zimefungwa tangu 2010. Nikiwaangalia nasema hawa wanaanza njia ambayo sisi tumeshaimaliza.

Kinachowaokoa ni kazi ya jioni. Tangu darasa la kwanza, mtoto anarudi na kitabu chembamba cha hadithi kwenye mkoba, kimepangwa kwa rangi kulingana na uwezo wake, pamoja na kidaftari ambacho mzazi anasaini kwamba leo wamesoma. Unasoma naye, unamuuliza unadhani nini kitafuata, kwa nini bibi amekasirika. Dakika chache tu, huku ugali uko jikoni. Baada ya miaka, mtoto huyo "umejuaje" haimshtui, kaizoea nyumbani.

Najua jibu la nyumbani Tanzania: vitabu viko wapi? Ni kweli. Kuna madarasa ambayo dawati zima linashirikiana kitabu kimoja. Na mwalimu mwenye madaftari mia mezani hawezi kuuliza "umejuaje" kila siku, kwa sababu kila mtoto atajibu kwa namna yake na kila jibu lazima lisomwe. Sentensi ya "No sooner" inasahihishwa kwa jicho moja. Darasa la saba nako, sehemu kubwa ya mtihani ni kusiliba herufi ya jibu kwa penseli. Mwalimu simlaumu hata kidogo, anafundisha kinachosahihishika.

Lakini kuna kitu tunachokikataa kwa hiari yetu, nacho ni kusoma kwa Kiswahili. Mwalimu wa mwanangu, Mwingereza asiyejua hata "habari", ndiye aliyenisisitiza niendelee kumsomea mtoto Kiswahili nyumbani, kwa hoja kwamba mtoto akishajua kumfuatilia mhusika na kuhisi kisichosemwa, uwezo huo anauhamishia Kiingereza. Kwetu Tanzania zipo shule za Inglishi midiamu, za ada ya mamilioni, zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Na Uwezo, shirika linalopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, lililoanza kupima watoto Tanzania 2010 kwa hadithi za kiwango cha darasa la pili, limekuta kwamba wanaoweza kusoma hadithi ya Kiswahili ni wengi kuliko wanaoweza ya Kiingereza. Yaani ngazi ya kupandia tunayo, tunaipiga teke.

Pale kidato cha kwanza, masomo yanapogeuka karibu yote kuwa ya Kiingereza, mtoto anatakiwa asome aya ya usanisinuru ajue kipi kinasababisha kipi. Hapo "passive" itamsaidia kidogo. Mazoea ya kufuata hoja kutoka mstari mmoja hadi mwingine yangemsaidia zaidi, na hayo angeweza kuyapata kwa hadithi za sungura akiwa darasa la tatu.

Kaka aliniomba nitume hela ya kitabu cha sarufi chenye majibu nyuma, kwa ajili ya mtihani wa kidato cha pili. Nimetuma hela ya vitabu vya hadithi, vya Kiswahili na vya Kiingereza chepesi, kwa sharti kwamba binti ananirekodia sauti akimaliza kila kimoja na mimi namuuliza maswali. Kaka anasema nimepoteza pesa, mtihani wa taifa hauulizi habari za sungura. Bado tunabishana.