Uso wa János Görbe: serikali ya Hungaria iliijenga sinema yake au iliivunja?

Mwaka 1942 mwigizaji János Görbe alicheza nafasi ya mkata miti maskini wa milima ya Transylvania. Mkewe amefia hospitalini mjini, naye hana pesa ya kusafirishia maiti. Basi anapanda naye treni kana kwamba yu hai na amepitiwa na usingizi tu, na safari nzima anakaa ubavuni pake huku abiria wakiwatazama. Miaka 24 baadaye uso uleule unarudi kwenye pazia. Sasa Görbe ni mfungwa ndani ya ngome iliyojengwa katikati ya uwanda mtupu. Ameambiwa kwamba akimpata mwenzake aliyeua watu wengi kuliko yeye, atanusurika kitanzi. Anapita kati ya wafungwa, anawakagua mmoja mmoja, na macho yake yanatafuta wa kumuuza.

Filamu ya kwanza ni Emberek a havason, yaani Watu wa Milimani, ya mwongozaji István Szőts. Ya pili ni Szegénylegények, Vijana Maskini, ya Miklós Jancsó, ya mwaka 1966. Katikati ya hizo mbili ilipita vita kuu, serikali ya kikomunisti ikataifisha sinema yote mwaka 1948, na mapinduzi ya mwaka 1956 yakazimwa kwa vifaru vya Kisovieti. Wapenzi wa filamu wamebishana juu ya kipindi hicho kwa miaka mingi. Wapo wanaosema kwamba nchi ya watu milioni 10 hivi, yenye lugha ambayo majirani hawaielewi, isingeweza kamwe kuwa na sinema ya kutajwa duniani bila mfuko wa serikali. Wengine wanasema mkono uliotoa pesa ndio uliokaba koo, na filamu nzuri zilizopona zilipona kwa bahati. Kuna na kundi la tatu, ambalo nalisikia mara nyingi zaidi siku hizi, linalodai kwamba kule kukabwa ndiko kulikozaa ufundi. Madai haya ya tatu ndiyo yanayonikera.

Tuwape haki yao wanaotetea utaifishaji. Kabla ya 1948 soko la filamu la Hungaria halikuwa bustani ya uhuru. Mwaka 1942 zilitoka filamu zaidi ya 40, na nyingi zilikuwa vichekesho vya mabwana na mabibi wa Budapest, zilizopigwa haraka ili pesa irudi haraka. Mkulima akionekana, huwa ni pambo au ni wa kuchekwa. Tena soko lile lilikuwa na lango lenye mlinzi. Sheria za kuwabagua Wayahudi, kuanzia mwaka 1938, ziliwafukuza kazini waongozaji, watunzi na waigizaji kwa mamia. Gyula Kabos, mchekeshaji aliyependwa kuliko wote enzi hizo, aliondoka kwenda Marekani na kufariki New York mwaka 1941, mbali na watu waliokuwa wakielewa utani wake. Kwa hiyo anayelia kwamba serikali ya kikomunisti ilivunja nyumba nzima, akumbuke nyumba ile ilikuwa imekwisha kutoa watoto wake nje.

Hata waliotoroka na kufanikiwa hawakukuta pesa isiyo na amri. Zoltan Korda, Mhungari, aliongoza huko Uingereza mwaka 1935 filamu ya kuusifu utawala wa kikoloni Afrika, chini ya kampuni ya kaka yake Alexander. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati huo, alionekana humo katika nafasi ndogo ya chifu. Paul Robeson, nyota wa filamu hiyo, baadaye aliikana kabisa. Tajiri wa London naye alikuwa na mambo yake ya kutaka.

Szőts mwenyewe aliona ubovu wa soko mapema. Mwaka 1945, Budapest ikiwa bado vifusi, alitoa kijitabu cha kutetea sanaa ya filamu ya Hungaria, akiitaka nchi iichukue filamu kuwa utamaduni wa taifa na kuilea hivyo, badala ya kuwaachia wafanyabiashara. Mtu huyu hakuwa adui wa mkono wa serikali. Aliuomba uje.

Ukaja, na haikuwa hasara tupu. Chuo cha sanaa za maigizo kikafungua mlango wa filamu, na watoto wa wakulima ambao zamani wangeishia jembeni wakaingia darasani. Ádám Szirtes alitoka huko, Imre Soós alitoka huko. Filamu ya kwanza ya sinema iliyotaifishwa, Talpalatnyi föld ya Frigyes Bán ya mwaka 1948, inamwonyesha mkulima asiye na ardhi kwa heshima ambayo vichekesho vya zamani havikuijua. Ukimtazama Szirtes akishika udongo ndani ya filamu ile, unajua mikono yake ilikwisha kushika udongo kabla ya kushika mswada.

Lakini mwaka uleule wa kuja kwa mkono huo, Szőts alikuwa ameshapigwa. Filamu yake ya pili, Ének a búzamezőkről, Wimbo wa Mashamba ya Ngano, ya mwaka 1947, ina wanakijiji wanaoandamana mashambani wakiomba dua kwa ajili ya mavuno. Inasimuliwa kwamba Mátyás Rákosi, mkuu wa chama cha kikomunisti, alipoona maandamano yale ya kidini aliinuka akatoka ukumbini. Filamu ikafungiwa. Miaka iliyofuata miswada ilipita mikono ya maofisa mara kadhaa kabla kamera haijawashwa, na mwongozaji hakuruhusiwa kuchepuka. Idadi ya filamu ikaporomoka hadi chache za kuhesabika kwa vidole kila mwaka. Nyota wa zamani walisukumwa pembeni. Katalin Karády, aliyewahi kuteswa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na ambaye baadaye, mwaka 2004, alitambuliwa na Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, kwa kuwaokoa Wayahudi, alionekana hana nafasi katika sinema mpya. Aliondoka nchini mwaka 1951. Sioni hoja yoyote ya kisanaa inayoweza kulitetea hilo.

Sasa nifike kwenye filamu ambayo kila upande huivuta upande wake, Körhinta ya Zoltán Fábri, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1956. Jina lake ni lile pembea kubwa la gulioni lenye viti vya minyororo vinavyozunguka hewani. Msichana Mari anampenda Máté, kijana wa shamba la ushirika. Baba yake amejitoa kwenye ushirika na anataka kumwoza kwa Sándor mwenye ardhi, kwa imani kwamba ardhi huolewa na ardhi. Ukiisoma hadithi kwenye karatasi, ni tangazo la ushirika: anayependa ushirika ana mapenzi ya kweli, anayependa ardhi yake ni mkaidi. Ofisa yeyote wa 1955 angeipigia muhuri.

Halafu unafika harusini. Máté, aliyechezwa na Imre Soós, anamchukua Mari kucheza mbele ya mchumba wake na mbele ya kijiji kizima. Wanazunguka. Kamera ya Barnabás Hegyi inazunguka nao, ukuta na nyuso za watu zinageuka mistari, na katikati ya kizunguzungu kile uso mmoja tu umesimama mahali pake, uso wa Mari Törőcsik, binti aliyekuwa bado mwanafunzi. Unakumbuka pembea la mwanzoni. Muziki haukomi. Wazee wanatazama, Sándor anatazama, na hakuna anayethubutu kuwatenganisha. Hapo hakuna ushirika wala chama, kuna watu wawili ambao miili yao imekataa kutii. François Truffaut, wakati huo bado mhakiki kijana, aliitetea filamu ile kwa nguvu kule Cannes.

Anayetetea serikali atasema: nani alimlipa Hegyi muda wa kutosha kuipiga ngoma ile, nani alimsomesha Törőcsik, nani alimtoa Soós kijijini? Ni kweli, na sitaki kulipita haraka. Mfanyabiashara wa 1942 asingetoa siku zote zile kwa ajili ya dakika chache za harusi ya wakulima. Anayepinga atajibu kwamba ngoma ile ni nzuri kwa kiasi kile kile inachoutoroka mswada ulioidhinishwa. Nalo ni kweli. Mimi naona hizi ni hoja mbili juu ya vitu viwili, na ubishi wote umechafuka kwa sababu tunavitaja kwa jina moja, "serikali". Darasa, kamera, mshahara na muda ni kitu kimoja. Ofisa mwenye kalamu nyekundu ni kitu kingine. Vilikaa jengo moja, lakini havikuwa kazi moja.

Oktoba 1956 Budapest ikalipuka, na tarehe 4 Novemba majeshi ya Kisovieti yakaingia kuizima. Watu kama 200,000 walivuka mpaka. Miongoni mwao walikuwa wapigapicha wawili vijana, László Kovács na Vilmos Zsigmond, waliotoka na mikanda waliyopiga mitaani wakati wa mapigano. Wote wawili walikuja kuwa wakubwa Hollywood, na Zsigmond akapata Oscar. Ufundi wao ulikuwa umelipiwa na chuo cha Budapest. Filamu ya Zoltán Várkonyi, Keserű igazság, Ukweli Mchungu, juu ya ujenzi uliofanywa kwa pupa hadi jengo likaanguka, ilikuwa imekamilika. Watazamaji waliiona mwaka 1986, miaka 30 baadaye. Imre Soós, yule wa ngoma ya harusini, alifariki Juni 1957 akiwa na miaka 27. Szőts akahamia Vienna.

Baada ya hapo János Kádár, mkuu mpya wa chama, alitawala kwa namna nyingine. György Aczél, aliyesimamia utamaduni, aligawa kazi za sanaa katika mafungu matatu: zinazosaidiwa, zinazovumiliwa na zinazopigwa marufuku. Kwenye fungu la katikati ndiko sinema ilikopata pumzi. Studio ya Béla Balázs iliwapa vijana waliotoka chuoni pesa za kufanya majaribio bila sharti la kuonyesha kazi zao hadharani. Miaka ya 1960 zikaanza kutoka filamu zipatazo 20 kwa mwaka, na nyingine ziliuma kweli. Hideg napok ya András Kovács, ya mwaka 1966, iliwakumbusha Wahungari mauaji waliyoyafanya askari wao wenyewe huko Novi Sad Januari 1942. Sijui nchi nyingi zilizothubutu kujitazama hivyo, mapema hivyo.

Mwaka huohuo ndiyo ikaja Szegénylegények. Mambo yanatokea karne ya 19, baada ya mapinduzi ya Wahungari ya 1848 dhidi ya utawala wa Austria kushindwa. Wafungwa wanazungushwa uani vichwa vimefunikwa magunia. Hakuna anayepiga kelele. Maofisa wanazungumza kwa adabu, mlango unafunguka, mlango unafungwa, mtu hayupo tena. Mwishoni wanaume wanatangaziwa kwamba kiongozi wao amesamehewa. Wanashangilia, na kwa kushangilia wamekiri kuwa ni wafuasi wake. Ndipo tangazo linaendelea: waliomfuata wataadhibiwa. Zaidi ya watu milioni moja waliitazama ndani ya Hungaria, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba 1848 ilikuwa 1956. Kabla ya Cannes, Jancsó alilazimika kutamka hadharani kwamba filamu haihusu matukio ya karibuni. Baadaye alisema kila mtu alijua hiyo si kweli.

Wale wa hoja ya tatu husimama hapa. Wanasema: unaona, bila mdhibiti kusingekuwa na fumbo, na bila fumbo kusingekuwa na Jancsó. Kwetu Waswahili hoja hii ina mvuto wa pekee, maana tumelelewa na mafumbo, na tunajua utamu wa wimbo ambao mlengwa anausikia na kuutambua huku mwimbaji akiapa kwamba hakumtaja mtu. Lakini mwimbaji wa mafumbo huchagua. Akitaka kesho atasema waziwazi, na gharama yake itakuwa ugomvi wa mtaa. Jancsó hakuwa na chaguo hilo. Kumshukuru mdhibiti kwa Szegénylegények ni kumshukuru mlinzi wa gereza kwa barua nzuri aliyoandika mfungwa.

Na tunapohesabu, tunahesabu zilizopona. Mafumbo ya Jancsó yalipita kwa sababu Aczél na wenzake waliona ni heri yapite, na kwa sababu tuzo za nje ziliipa nchi sifa. A tanú, Shahidi, ya Péter Bacsó, iliyoyataja maovu ya enzi za Rákosi bila kujificha, ilimalizika mwaka 1969 ikawekwa kabatini miaka 10. Mlango uliofunguliwa kwa wasemao kwa kificho ulibaki umefungwa kwa wasemao wazi, na hatuwezi kujua sinema ya Hungaria ingekuwa na sura gani kama wote wangeachwa waseme. Nakubali udhaifu wa upande wangu: sina mfano wa nchi ndogo ya Ulaya ya wakati ule, upande wa Wasovieti, iliyopata mfuko bila kalamu nyekundu. Labda haikuwezekana. Hata hivyo kutowezekana kwa jambo hakukifanyi kilichotokea kuwa neema.

Ndiyo maana kila nikimtazama Görbe akiwakagua wafungwa wenzake, huwa namfikiria aliyeupa uso ule nafasi ya mkata miti. Szőts alikuwa na miaka 30 tamasha la filamu la Venice lilipompa tuzo mwaka 1942. Aliomba shule, nchi yake ikapewa shule. Aliomba filamu itoke mikononi mwa wachuuzi, ikatoka. Baada ya Wimbo wa Mashamba ya Ngano aliruhusiwa kutengeneza filamu fupi tu, mpaka akaondoka. Alifariki Vienna mwaka 1998, na filamu ndefu za kuigiza alizoongoza nchini kwake zilibaki zile mbili.