Plasma juu ya Dodoma: kipokezi cha paani au kipima cha setilaiti?

Kipokezi cha GPS kilichofungwa juu ya paa Dodoma hupima usiku na mchana. Setilaiti hupita juu ya mji dakika chache tu, kisha hiyo imekwenda. Kwa hiyo wapo wanaosema kipima-plasma cha angani (plasma ni gesi yenye elektroni huru) ni gharama isiyo na tija. Kuhusu muda, wako sahihi.

Lakini kipokezi hicho kinapima nini? Hulinganisha ucheleweshaji wa mawimbi ya megahezi 1575.42 na 1227.60, kikapata jumla ya elektroni zote hadi setilaiti ya GPS iliyo kilomita 20,200 juu. Kuzigeuza kuwa za wima, tunajifanya zote zimo kwenye tabaka jembamba, takriban kilomita 350 hadi 450. Dodoma iko karibu digrii 15 kusini ya ikweta ya sumaku (mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia hulala mlalo), penye kilele cha kusini cha mrundikano wa plasma. Hapo kaskazini na kusini mwa anga hazifanani, na dhana hiyo huvunjika.

Kipima cha Langmuir, yaani kihisi cha chuma chenye volteji, hugusa plasma yenyewe. Setilaiti za Swarm za shirika la anga la Ulaya, zilizorushwa Novemba 2013, zina vitufe (mipira midogo) viwili kila moja, kimoja cha dhahabu na kingine cha nitridi ya titani. Volteji hubadilishwa, mkondo husomwa: mteremko wake hutoa joto la elektroni, ukubwa wake msongamano. Uchafu kwenye kitufe hupandisha joto kwa uongo. Chaji ya setilaiti husogeza sifuri ya volteji. Ni kasoro, ila zinajulikana na husahihishwa.

Hoja nzito dhidi yake ni nyingine, nayo haitajwi. Setilaiti hukimbia kilomita 7.6 kwa sekunde. Ikipima mara 2 kwa sekunde, kati ya kipimo na kipimo kuna kilomita 3.8. Mapovu ya plasma ya baada ya magharibi, yaani mashimo yenye elektroni chache, mapana kilomita makumi, huonekana vizuri, kina na kingo. Lakini kinachotikisa mawimbi ya GPS ni vipande vya takriban mita 400, navyo hupenya kabisa kati ya vipimo. Bamba la chuma la mbele ya Swarm, linalopima plasma pia na kusoma mara 16 kwa sekunde, hushuka hadi mita 475: karibu, bado haitoshi.

Hata hivyo, shimo likipimwa saa 2 usiku juu ya Manyoni, nalo likisogea mashariki kwa mita 100 kwa sekunde, kipokezi cha Dodoma kinatarajiwa kuanza kutikisika baada ya dakika 17 hivi. Hapo tu ndipo tunajua kinachokitikisa.