Tuanzie kwenye bureti

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema mwanafunzi wa kemia katika chuo cha Kikristo atambulike kwa ibada za asubuhi na somo la maadili. Ibada sipingi, ila mimi ningeanzia maabara. Chukua titresheni, yaani kupima kwa bureti (mrija wa kioo wenye alama za ujazo) ni kimiminika kiasi gani kinamaliza mmenyuko: ya kwanza imetoa sentimita za ujazo 24.6, ya pili 25.9, na mhadhiri anataka zinazokaribiana. Mwanafunzi akifuta ile 25.9 na kuandika 24.7 ya kupika, maadili gani tena? (Wahadhiri nao waache kugawa alama kwa majibu yanayopendeza tu.) Mwanasayansi Robert Boyle alikuwa Mkristo wa kweli kweli, lakini kanuni yake ya gesi, ya 1662, ilisimama kwa vipimo.

Halafu atoke akiijua zebaki. Kule Geita wachimbaji wadogo wanaichanganya na mchanga wa dhahabu kwenye karai, wanakamua kwa kitambaa, kisha wanachoma, na mvuke unaoharibu mishipa ya fahamu na figo wanauvuta wao na waliokaa jirani. Mhitimu awaeleze hilo kwa Kiswahili cha kawaida, awaonyeshe ritoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa, inavyonasa mvuke. Huko ndiko kumpenda jirani.

Na vyuo vinunue kemikali jamani! Kuna wanaohitimu bureti wameiona ubaoni tu.