Kaka, hiyo sio UTI ya choo

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa Ngarenaro, Arusha, nasubiri zamu yangu, kaka mmoja kwenye kiti akawa anasimulia kwamba amemrudisha mkewe kwao Rombo kisa "kamletea UTI ya choo", na yeye yuko dozi ya tatu mkojo bado unachoma. Watu wakaitikia, mmoja akamtajia dawa nyingine ya kununua. Iliniuma sana.

Jamani, kijana mzima akianza kuchomwa akikojoa, cha kwanza kufikiria ni magonjwa ya zinaa. Kisonono kila mtu anakijua, klamidia wachache, ila maikoplazma jenitaliamu, bakteria mwingine wa zinaa, ukiitaja kijiweni watu wanakutazama tu. Na sio mdudu wa jana, alikutwa London mwaka 1980 kwa wanaume wawili waliovimba mrija wa mkojo na kisonono hawana. Wanaume, sio wake zao!

Waingereza walipopima watu wa kawaida wa miaka 16 mpaka 44, mwanaume kama 1 kwa kila 100 alikuwa naye, na zaidi ya asilimia 90 ya hao hawakuwa na dalili yoyote. Wanaoumwa sasa ndo usiseme: miongozo ya Marekani inasema ukichukua wanaume wenye mrija uliovimba bila kisonono, asilimia 15 mpaka 20 ni huyu mdudu, na kwa wale waliotibiwa ikagoma au ikarudi anafika kama 40. Yaani yule kaka wa dozi ya tatu yuko humo humo kwenye kundi la kushukiwa.

Na dawa tunazokimbilia famasi ndo zinanitoa machozi. Amoksilini kazi yake ni kubomoa ukuta wa bakteria, huyu hana ukuta, sasa itabomoa nini? Doksi peke yake inaponya wachache. Azithro ilikuwa inamweza, lakini tumeimeza kwa kila kitu, mafua azithro, tumbo azithro, wadudu wanaobaki ni wale walioizoea na hao ndo tunaambukizana. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliuziwa nusu dozi dukani bila kuulizwa hata swali moja, siku mbili maumivu yakapoa, vidonge vilivyobaki nikaweka droo. Najuta mpaka leo, na aliyeniuzia naye alikosea.

Sawa, nakubali kipimo cha huyu mdudu ni cha vinasaba na sio kila zahanati inacho, na asiye na dalili hana haja ya kuhangaika kujipima. Lakini kurudi kwa daktari na kusema ukweli kwamba "nimemeza hiki na hiki haikusaidia" inawezekana kabisa, Sakina inawezekana, Unga Limited inawezekana, na mwenzako aende naye atibiwe, kwa mwanamke huyu mdudu anaweza kupanda mpaka kwenye kizazi. Na kondomu mpaka mpone wote.

Nilimsubiri yule kaka nje. Nikamuuliza, wewe ulipimwa nini? Akasema hajapimwa kitu. Nikamuuliza tena, na shemeji huko Rombo naye anachomwa? Akakaa kimya muda mrefu, akasema hajawahi kumuuliza. Nikamwomba ampigie simu pale pale kabla hajapanda bodaboda.