Aliyelowea Kweli ni Binti

Kwa asili ya neno, mlowezi ni mtu aliyelowea, yaani aliyefika ugenini akakaa mpaka ugeni ukamtoka. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tukilisikia neno hilo humkumbuka kwanza Mzungu wa mashamba makubwa ya nyanda za juu za Kenya. Nalitumia hapa kwa maana zote mbili, nikimzungumzia msichana mmoja wa nyika za Nebraska, Marekani, aliyeitwa Anna Sadilek.

Anna alizaliwa Bohemia, eneo ambalo leo liko katika Jamhuri ya Cheki, mwaka 1869, na mwaka 1880 wazazi wake walimleta karibu na mji mdogo wa Red Cloud. Wageni wengi wa enzi hiyo walivutwa na sheria ya mwaka 1862, iliyotiwa saini na Abraham Lincoln, ambayo ilimpa mkuu wa kaya ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Hata mgeni aliruhusiwa, almuradi awe ametangaza nia ya kuwa raia. Mjane na mwanamke asiyeolewa mwenye miaka 21 waliweza pia kujiandikisha. Mke aliyekuwa na mume, kwa kawaida, hakuweza, wala mtoto.

Hapo ndipo ninapotofautiana na masimulizi yaliyozoeleka, ambayo humweka baba mbele akiwa ameshika plau, na familia nyuma yake kama mizigo mingine ya garini. Miti ilikuwa adimu, kwa hiyo walowezi walikata udongo pamoja na mizizi ya majani, wakaupanga kama matofali, au wakachimba makao ubavuni mwa kilima. Paa liliendelea kudondosha matope hata mvua ilipokwisha kukatika. Moto uliwashwa kwa samadi kavu, magunzi ya mahindi au nyasi zilizosokotwa. Aliyekulia kijijini hahitaji kuambiwa ni nani aliyetumwa kuokota samadi hiyo.

Majira ya baridi ya kwanza hayakuwa yameisha baba yake Anna alipojiua. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kaya, mtu ambaye sheria na masimulizi vilimtegemea, na nchi hiyo ilimshinda katika muda wa miezi michache. Simlaumu, kwa maana mtu mzima huhama akiwa na lugha yake, marafiki zake na heshima yake, kisha akafika mahali ambapo vyote hivyo havimnunulii hata gunia la unga. Binti yake, aliyekuwa na miaka kama 11 tu, hakuwa na nafasi ya kushindwa. Alifanya kazi za shambani, na baadaye akaenda mjini kuwa mtumishi katika nyumba ya watu, ambako Willa Cather, binti wa jirani, alimfahamu. Miaka mingi baadaye, mwandishi huyo alimfanya kielelezo cha mhusika mkuu wa riwaya yake ya mwaka 1918.

Kazi ya jikoni kwa watu ilikuwa shule ya aina yake, kwani huko wasichana wahamiaji walijifunza Kiingereza, bei za vitu na desturi za wenyeji, mambo ambayo wazazi waliobaki shambani hawakuyapata. Wakongomani wanaozungumza Kiswahili waliohamishiwa Marekani wanaufahamu utaratibu huu: mtoto ndiye humsomea mama barua ya mwenye nyumba na kumtafsiria maneno ya daktari, ingawa kwenye fomu anaandikwa kuwa tegemezi.

Anna aliolewa na John Pavelka, mtu wa asili ya Bohemia kama yeye, akalea watoto wengi shambani, akafariki mwaka 1955. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemwita mlowezi kwa maana ya kwanza. Maana ya pili nayo haimwachi, japo hakuichagua safari ile, kwa sababu bonde la mto Republican alikokulia lilikuwa nchi ya Wapawnee, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, ambao walihamishwa katikati ya miaka ya 1870, miaka michache tu kabla yeye hajafika. Wasichana wa Kipawnee wa rika lake walikuwa wakati huohuo wanajifunza kulowea kusini, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma.