Kalori zimekwisha, protini haijatimia

Anayepima chakula chake kwa programu ya simu hupewa malengo mawili kwa mpigo: jumla ya kalori za siku, na mgawanyo wa wanga, protini na mafuta, yaani makro. Kwenye hesabu hayapingani, maana kalori zenyewe hutokana na makro: gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, ya mafuta 9. Yanapingana jikoni.

Wanaoshikilia kalori wana ushahidi mzito. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 811 waliopangiwa milo minne yenye makro tofauti; baada ya miaka miwili, uzito uliopungua ulikaribiana. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilinganisha mlo wa mafuta kidogo na wa wanga kidogo kwa watu 609, mwaka mzima. Kundi la kwanza lilipungua wastani wa kilo 5.3, la pili 6.0, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Kwa anayetaka kupungua tu, kubishana kama wanga uwe asilimia 40 au 50 ni kupoteza muda.

Ila mizani haisemi kilichopungua ni nini. Anayejinyima bila protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, na hapo watu wa makro wana hoja. Protini hushibisha zaidi, na takriban asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake huishia katika kazi ya kuimeng'enya. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Anayenyanyua vyuma hushauriwa afike 1.6 hivi. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112. (Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse hesabu hii bila daktari wake.)

Tuseme mtu huyo ana lengo la kalori 1,800. Usiku umefika, zimebaki kalori 200 na protini imepungua gramu 30. Maharage, tegemeo letu sote, hayamwokoi: angehitaji karibu gramu 350 yaliyopikwa, kalori zaidi ya 400, na wanga tele juu yake. Mayai? Matano, kalori kama 350. Kinachoenea ni gramu 50 za dagaa wakavu, au gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa bila ngozi, kalori 165 hivi. Bei ya kidari tunaijua. Dagaa nao wakiungwa kwa vijiko vikubwa viwili vya mafuta, zinaongezeka kalori 240, na ugali bado haujaletwa mezani.

Ugali wenyewe una kesi yake. Mgawanyo maarufu wa 40-30-30 (asilimia za kalori kutoka wanga, protini na mafuta) humruhusu mtu huyu gramu 180 za wanga kwa siku. Gramu 150 za sembe zina zaidi ya 110. Akila ugali mchana na usiku, programu itamwonyesha nyekundu kila siku hata kama kalori hazijazidi, na wengi hukata tamaa hapo hapo wakidhani wao ni walafi.

Kwangu mimi, asilimia hizo zitupwe. Kalori zisizidi, protini isipungue, mafuta yasishuke chini ya asilimia 20 hivi ya kalori kwa kuwa mwili huyahitaji kufyonza vitamini A, D, E na K. Kinachobaki kiwe wanga bila ugomvi. Malengo yakigongana usiku, anayefanya mazoezi mazito avuke lengo la kalori kwa 100 hivi kwa ajili ya protini. Asiyefanya, alale.

Tena hizo namba hazistahili kuabudiwa. Nani anajua mama ntilie kamimina mafuta kiasi gani? Ukitafuta ugali kwenye programu utapata majibu yanayopishana, kwa sababu kila msongaji na maji yake. Jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania la 2008 na lile la Kenya la 2018 yana vyakula vyetu, na anayepima unga mkavu kabla ya kusonga hukaribia ukweli kuliko anayepima bonge la ugali lililoiva.