Gurudumu la Ferris lilistahili kubaki

Ukitaja chuma na maonyesho ya dunia, wengi watakujibu mnara wa Eiffel, Paris, 1889. Mimi niko upande wa George Ferris.

Daniel Burnham, aliyesimamia ujenzi wa maonyesho ya Chicago ya 1893, aliwasuta wahandisi wa Marekani kwamba hawajaleta kitu cha kuwafunika Wafaransa. Baadhi wakaleta michoro ya minara mirefu zaidi, yaani kuiga tu. Ferris, mjenzi wa madaraja kutoka Pittsburgh, akaleta gurudumu la kupandisha watu angani. Kibali alikuja kukipata Desemba 1892, na maonyesho yanafunguliwa Mei!

Hapo ndipo ninapompa shikamoo yake. Chicago majira hayo ya baridi ni barafu tupu: ardhi imeganda, na chini yake mchanga unaodidimia. Mafundi walipuliza mvuke ili zege lisigande kwa baridi kabla ya kushika. Ekseli, yaani mhimili wa katikati, peke yake ilikuwa na uzito wa tani 40 hivi. Gurudumu lenyewe, la mita 80 kwenda juu, lilishikiliwa na vyuma vyembamba vya kuvuta, kama spoku za baiskeli. Lilianza kazi 21 Juni, wiki saba baada ya wageni kuanza kuingia. Mabehewa 36, kila moja watu 60. Mizunguko miwili ilikuwa senti 50, sawasawa na kiingilio cha maonyesho yote, na bado zaidi ya watu milioni moja walipanda.

Mnara wa Eiffel una zaidi ya mita 300, sikatai. Lakini umesimama tu.

Sasa mbona wenyewe upo na gurudumu halipo? Naona mnara ulitafutiwa kazi ya pili. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20, kisha ungeweza kubomolewa. Gustave Eiffel, mjenzi wake, akauwekea vipimo vya hali ya hewa na mitambo ya redio, hadi jeshi likauhitaji. Ferris yeye aliishia mahakamani akidai mgawo wake wa faida, akafa kwa homa ya matumbo 1896, ana miaka 37. Gurudumu likahamishiwa mtaa mwingine wa Chicago, wakazi wakalilalamikia, kisha likapelekwa St. Louis kwa maonyesho ya 1904. Mwaka 1906 likalipuliwa kwa baruti na kuuzwa kama chuma chakavu.

Wala mtu asiniambie magurudumu hayadumu. Lile la Vienna, la 1897, liliungua kwenye Vita vya Pili vya Dunia, likakarabatiwa, na hadi leo linapakia watu.